Likizo ya Kwanza: Kutoka Giakanja Hadi Kisiwa cha Mombasa

Katika mwezi wa Julai jua ni mgeni kwetu Giakanja. Ukungu hushuka kutoka milima ya Nyandarua kabla ya alfajiri, ukatanda juu ya mikahawa na migomba, na mara nyingi hauondoki mpaka saa sita ya mchana. Wazee hujifunika mablanketi, watoto huenda shuleni wakitoa mvuke vinywani, na karani aendaye kazini mjini Nyeri hupanda matatu akiwa amevaa makoti mawili.

Jioni moja ya Julai ya mwaka uliopita, nilikuwa nimekaa jikoni karibu na moto pamoja na mama yangu na mke wangu, simu ikalia. Aliyepiga ni rafiki yangu tuliyesoma naye katika shule ya sekondari ya misheni, ambaye sasa ni muuguzi Uingereza. Aliniambia kwa furaha kwamba kwa mara ya kwanza tangu aende Ulaya atachukua likizo ya mapumziko, na kwamba yeye na mkewe wamechagua kisiwa cha Tenerife, katika Visiwa vya Kanari. Visiwa hivyo ni mali ya Hispania, lakini viko karibu zaidi na Afrika, upande wa magharibi wa Moroko. Ndizi hulimwa huko kama kwetu, na watu wa Ulaya hukimbilia huko wakati wa baridi yao ili waote jua. Tena Tenerife ina mlima wa moto uitwao Teide, wenye urefu wa mita 3,715, ambao ni mrefu kuliko milima yote ya Hispania. Nilimkumbusha kwamba mlima wetu wa Kirinyaga una mita 5,199, naye akacheka. Kisha akaniuliza swali jepesi: "Na wewe, likizo yako utakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Nitatengeneza zizi la ng'ombe."

DESTURI YETU YA LIKIZO

Ndugu wasomaji, nadhani wengi wenu mngejibu kama mimi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi wa Kenya siku zisizopungua 21 za kazi, zenye mshahara kamili, kwa kila miezi 12 ya utumishi. Je, sisi twazitumiaje siku hizo? Huyu huchuma kahawa, yule huhudhuria kesi ya shamba, na mwingine husimamia arusi ya jamaa. Kazi hizo si mbaya, wala sisemi ziachwe. Walakini mara nyingi mtu hurudi ofisini akiwa amechoka kuliko alivyoondoka.

Na ajabu ni kwamba sisi watu wa Nyeri tumeishi miaka mingi tukitazama wengine wakipumzika. Hoteli ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Nyandarua, ilifunguliwa mwaka 1932. Huko ndiko alikolala Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, mwezi wa Februari 1952, wakati baba yake alipofariki naye akawa malkia. Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alichagua kumalizia maisha yake Nyeri, na kaburi lake liko mjini humo tangu 1941. Watu hao walitoka mbali sana ili wapumue hewa yetu. Sisi tuliwauzia mboga, tukawabebea mizigo, tukawaonyesha njia. Lakini ni wachache kati yetu waliojiuliza kama nasi twaweza kuwa wageni mahali fulani.

AHADI YA MWAKA UJAO

Nilipoiweka simu, mama hakuwa akinitazama. Alikuwa akisukuma kuni motoni. Akasema polepole, "Baba yako naye alisema atanipeleka kuona bahari."

Habari hiyo niliijua, ila sikuwa nimeitia moyoni. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa bohari Mombasa kwa miaka 12, tangu 1979 hadi 1991. Kila Krismasi alirudi nyumbani na hadithi. Alisema kwamba maji ya bahari ni chumvi tupu, wala hakuna awezaye kuyanywa. Tena alisema kwamba bahari hupumua kama ng'ombe aliyelala: mara mbili kwa siku hujaa, na mara mbili hupwa. Mama alidhani ni mzaha wa watu wa mjini. Naye baba alikuwa akimjibu, "Mwaka ujao utakuja uone mwenyewe." Lakini mwaka ujao ulikuja na karo za shule, na uliofuata ng'ombe akaugua, na mwingine bei ya kahawa ikaanguka. Baba alifariki mwaka 2016. Mama sasa ana miaka 71, naye hajapata kuona maji makubwa kuliko mto Gura wakati wa masika.

Usiku ule nilielewa jambo moja. Safari isiyopangwa hakuna anayeifuta. Huahirishwa tu, na kila mara kwa sababu nzuri, mpaka yule aliyeingoja hayupo tena. Asubuhi yake nilichukua daftari la hesabu, nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza: Likizo. Hayo niliyoandika ndani yake ndiyo nitakayowaeleza, maana huenda yakamfaa msomaji mwenye baba au mama nyumbani.

KUCHAGUA MAHALI

Kwanza, kwa udadisi tu, nilipiga hesabu ya Tenerife. Ni lazima kila mtu awe na pasi, kisha aombe visa ya nchi za Ulaya, aonyeshe karatasi za benki, na kulipa nauli ya ndege ya kwenda na kurudi. Sisi ni wanne: mama, mke wangu, mtoto wetu wa miaka kumi, na mimi. Sikufika mwisho wa ukurasa. Nikavuta mstari, nikaanza upya na jina la Mombasa.

Watu wengi wa bara husahau kwamba Mombasa ni kisiwa. Kwa upande wa bara kisiwa hicho kimeunganishwa na njia ya Makupa, upande wa kaskazini kuna daraja la Nyali la mwaka 1980, na upande wa kusini watu huvuka kwa feri ya Likoni, ambayo imekuwa ikivusha watu tangu 1937. Tena nilicheka peke yangu nilipokumbuka somo la historia. Ngome ya Fort Jesus ilijengwa tangu 1593 hadi 1596 kwa amri ya Mfalme Philip, ambaye wakati ule alitawala Hispania na Ureno pamoja. Kwa hiyo mtu atakaye kuona kisiwa kilichojengewa ngome kwa amri ya mfalme wa Hispania, hana haja ya kupanda ndege! Wareno walikaa katika ngome hiyo mpaka Waarabu wa Omani walipoitwaa mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu 1696. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Lakini mtu asidanganyike na neno kisiwa. Mchanga mweupe unaoonekana katika picha hauko kisiwani penyewe. Fukwe ndefu ziko Nyali, Bamburi na Shanzu upande wa kaskazini, na ng'ambo ya Likoni mpaka Diani upande wa kusini. Sisi tumechagua kulala Bamburi, penye ufuko wa watu wote, kisha siku mbili tuingie kisiwani tuione ngome, Mji wa Kale, na bustani ya Mama Ngina iliyo mkabala wa bahari. Jambo hili lapasa kujulikana kabla mtu hajalipia chumba.

KUCHAGUA WAKATI

Mkulima hapandi mahindi siku apendayo, bali siku ambayo mvua yataka. Likizo nayo ina majira yake. Desemba watu ni wengi sana pwani na vyumba huwa ghali. Tena kwetu Nyeri ndio wakati wa kumaliza kuchuma kahawa kuu. Aprili na Mei ni masika, mvua ni nyingi huko pwani. Agosti shule zimefungwa, kahawa kuu haijaiva, na Giakanja kungali baridi. Pwani upepo wa Kusi ungali ukivuma, na bahari iliyo nje ya mwamba huchafuka, wala mtu asishangae kuona mwani mwingi ufukweni. Lakini jua la mwezi huo si kali kama la Februari, na kwa mtu wa milimani hiyo ni neema. Basi tukaandika Agosti.

FEDHA

Hapa ndipo ndoto nyingi hufia. Nauli ya gari la moshi kutoka Nairobi mpaka Mombasa, daraja la kawaida, iliwekwa kuwa shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Yafaa kila msafiri aulize upya kabla ya kulipa. Mtoto nilimhesabu kama mtu mzima, ili hesabu ikikosea isituumize. Watu wanne, kwenda na kurudi, ni shilingi 12,000. Matatu ya kwenda na kurudi Nairobi, pamoja na safari za mjini, niliweka 8,000. Nyumba yenye jiko kwa usiku minne, 14,000. Chakula cha siku tano, 10,000. Akiba ya ugonjwa au dharura, 6,000. Jumla ni shilingi 50,000.

Fedha hizo zikitakiwa kwa siku moja hazipatikani. Lakini zikigawanywa kwa miezi 12, ni kama shilingi 4,200 kwa mwezi. Mshahara wangu ulitoa 2,700, na mayai ya mke wangu yakatoa 1,500. Tuliziweka mahali pa peke yake, wala hatukuzichanganya na za karo.

Nakiri kwamba tulipata hasara. Mwezi wa Februari niliona katika simu picha za nyumba nzuri sana yenye bei ndogo sana. Mwenyewe aliniita "ndugu" mara nyingi, akataka malipo ya kwanza upesi, maana wengine wanaingoja. Nilituma shilingi 3,000. Kisha binamu yangu afanyaye kazi Mombasa alikwenda kuitazama, akakuta kiwanja kitupu chenye mbuyu. Simu ya yule mtu haikupokewa tena. Tangu hapo tumefuata kanuni hii: kwanza mtu tunayemwamini aione nyumba kwa macho, ndipo fedha itoke mfukoni. Pengo lile tuliliziba kwa kuacha kununua nyama kwa muda wa mwezi mmoja na nusu, na mtoto wetu hajaacha kunikumbusha.

NJIA

Baba alikuwa akisafiri usiku kucha kwa reli ile ya zamani, iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Reli mpya ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na safari yake ni ya muda wa saa tano au sita tu. Lakini kituo chake cha Nairobi kiko Syokimau, na kile cha Mombasa kiko Miritini. Vyote viwili viko mbali na mji. Kwa hiyo mtu wa Nyeri asihesabu safari ya gari la moshi peke yake. Sisi tutaondoka Giakanja kabla ya mapambazuko, tupite Karatina, Sagana na Thika, ili tuwahi gari la alasiri. Tikiti hulipwa mapema kwa simu, na kila mtu mzima huonyesha kitambulisho. Mizigo hukaguliwa kituoni, tena kwa uangalifu, hivyo yafaa kufika mapema. Mama tutamkalisha dirishani, maana reli yapita katikati ya mbuga ya Tsavo, na tembo huonekana humo.

AFYA NA ADABU

Sisi wa milimani hatukukua na malaria, na kwa sababu hiyo hutushika kwa nguvu. Kabla ya safari tutakwenda zahanati kuuliza dawa ya kujikinga, na tutalala ndani ya chandarua kila usiku. Kadhalika, mtu akipata homa baada ya kurudi nyumbani, hata zikiwa zimepita wiki kadhaa, na amwambie daktari kwamba alikuwa pwani. Dawa za mama za shinikizo la damu zitakaa katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku.

Bahari nayo yataka heshima. Nyakati za kujaa na kupwa hazikai mahali pamoja; kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, na aliyetembea mbali mwambani aweza kuzungukwa na maji kabla hajatambua. Tutawauliza wavuvi kabla ya kukanyaga maji.

Tena tutakuwa wageni, na mgeni mwema hujifunza mlango wa mwenyeji. Katika Mji wa Kale watu huvaa nguo za kusitiri, na mtu hapigwi picha bila kuombwa ruhusa. Mdogo humwamkia mkubwa kwa shikamoo. Mtoto wetu amekwisha kuanza kufanya mazoezi, na bibi yake humjibu marahaba kwa lafudhi ya Giakanja. Chakula kitatufundisha pia: mahamri na mbaazi asubuhi, wali wa nazi mchana, na samaki wa kupaka. Kwa desturi ya wazee wetu Wakikuyu, samaki hakuwa chakula, na mama hajapata kumwonja. Amesema atamtazama kwanza.

Kwa ajili yangu mwenyewe, nimeweka asubuhi moja ya kuona bustani ya Haller Park hapo Bamburi. Mahali hapo palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa tupu la chumvi na jua. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na mvinje ikastahimili. Majani yake yalipoanguka hayakuoza, akaleta majongoo wayale, na taratibu udongo ukapatikana. Leo ni msitu wenye wanyama. Mkulima anayelalamika juu ya shamba lililochoka na aende akaone kazi ya majongoo.

JIBU LA MAMA

Mambo yote yalipokuwa tayari katika daftari, mama ndiye aliyekuwa hajakubali. Hunita "baba", maana nimepewa jina la baba mzazi wa mume wake. Mwezi wa Machi aliniambia, "Baba, shilingi 50,000 ni ndama mzuri. Bahari yazaa maziwa?" Nikanyamaza. Jumapili iliyofuata akasema, "Na ng'ombe atakamuliwa na nani?" Nikamjibu kwamba mtoto wa ndugu yangu amekubali kulala nyumbani kwa siku hizo tano, na ujira wake umo katika akiba. Akauliza juu ya kuku, nikajibu. Akauliza juu ya maji ya mbogamboga, nikajibu. Nilishukuru kwamba nilikuwa nimepanga, maana kila swali lilikuwa na mstari wake katika daftari.

Mwishoni aliuliza lile lililokuwa chini ya yote: "Je, nikienda bila yeye, haitakuwa kama nimemwacha?"

Jibu la swali hilo halikuwamo katika daftari. Mke wangu ndiye aliyejibu. Alimwambia, "Mama, yeye alikuachia neno lake bila shahidi. Nenda ukawe shahidi wake."

Mama hakusema kitu. Lakini juma lililopita nilimkuta nje akiosha kichupa kidogo cha dawa kwa maji ya moto, akakianika juani. Nilipomwuliza ni cha nini, alisema ni cha maji ya bahari. Atayaleta Giakanja, awaonjeshe wanawake wenzake wa kikundi, ili wajue kwamba mume wake hakuwa mwongo.

Wazee wetu husema kwamba asiyetembea hudhani mama yake peke yake ndiye ajuaye kupika. Mimi nimekula chakula cha mama kwa miaka mingi, na sasa imesalia miezi miwili tu niende naye akale cha wengine. Msomaji, huenda wewe huwezi kwenda Mombasa mwaka huu. Kama ni hivyo, panga Naivasha, au panga kumpeleka mzazi wako kumwona ndugu yake asiyeonana naye tangu zamani. Lakini usiseme mwaka ujao kwa mdomo tu. Chukua daftari, uandike mwezi, uandike fedha, kisha uandike jina la yule utakayekwenda naye, angali hai.